Neno Alilolipenda Omanga

Mimi sina ugomvi na Kiingereza. Kiingereza ndicho kilichotulisha. Mume wangu, Omanga, alikifundisha miaka yote ya kazi yake katika shule ya wasichana upande wa Rangwe, si mbali na Asumbi, na kila Ijumaa alirudi nyumbani kwetu Suna, Migori, na vumbi la chaki kwenye mikono ya koti. Ugomvi wangu ni na neno moja tu. Mtangazaji akilitamka redioni nainuka nazima redio, na kama redio ni ya jirani nahama kiti. Neno lenyewe ni host.

Kamusi itakuambia ni mwenyeji, basi, imemaliza. Omanga hakuishia hapo. Neno likimwingia mkononi alilichambua kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na kama ulikuwa na njaa ungengoja.

Mara ya kwanza kulisikia ni siku tulipohamia Suna. Sisi ni Wakisii, kwetu ni Nyamache, lakini mashamba ya kina Omanga yalikuwa yamegawanywa mpaka kuku akiruka anaangukia kwa jirani. Mwalimu mwenzake wa hesabu, Elkanah, Mjaluo wa Suna na mzee wa kanisa la Waadventista, akamwambia njoo kwetu, ardhi ipo. Tukaja. Elkanah alisimama mbele ya nyumba yetu ya mabati, ambayo haikuwa imepata hata dirisha, akatandaza mikono na kutangaza kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye host wetu. Omanga alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Mimi nilikuwa nimebeba mimba na godoro, sikufurahia chochote.

Siku hiyo hiyo, tukiwa tumekaa juu ya magunia, akanifundisha. Zamani sana, alisema, kabla hata ya Warumi, watu wa kule Ulaya walikuwa na neno moja tu kwa watu wawili: anayebisha hodi na anayefungua mlango. Hawakuona haja ya kuwatenganisha, kwa sababu leo mimi ni wako na kesho wewe ni wangu, tunadaiana wema. Halafu neno likagawanyika. Tawi moja ndilo hili guest, mgeni. Kwa Warumi tawi jingine likawa mtu anayepokea wageni, na huko ndiko zilikotoka hospitali na hoteli na hosteli. Lakini tawi la tatu, kwa hao hao Warumi, lilianza likiwa na maana ya mtu wa kwingine, halafu pole pole likawa na maana ya adui. Nilimuuliza mgeni aligeukaje kuwa adui. Akasema vitabu havielezi vizuri. Nikamwambia hao wenye vitabu waje Suna niwaeleze, na wakati huo nilikuwa natania tu.

Elkanah alilipenda neno hilo kwa upande wa Biblia. Adui ni wengi, adui wanatembea kwa vikosi, kwa hivyo neno likaja kumaanisha jeshi, ndiyo maana katika Biblia ya Kiingereza Bwana wa majeshi ni Lord of hosts. Jumamosi ilikuwa yake kanisani, Jumapili ilikuwa yetu, na chai ya Jumapili alasiri ilikuwa ya wote kwangu, yeye na mkewe Phelesia. Sisi ni Wakatoliki, na hostia tunayopokea misani nayo inaitwa host kwa Kiingereza. Omanga akaeleza kwamba kwa Warumi hostia alikuwa mnyama wa kafara, anayechinjwa madhabahuni, na kwamba wazee wa kamusi bado wanabishana kama neno hili ni ndugu wa yale mengine au linafanana nayo tu. Elkanah alinicheka. Alisema ninyi Wakatoliki mnamla host wenu, sisi tunamwogopa. Tulicheka sote, na mimi nilicheka zaidi.

Binti yetu, Sheila, alipofika kidato cha tatu akaja na lake la somo la biolojia. Huko, host ni yule anayeliwa: ng'ombe ni host wa kupe, mtu ni host wa minyoo. Akauliza mezani, mbele ya Elkanah, kama basi sisi ni kupe wake. Omanga alicheka mpaka machozi. Mimi nilimkanyaga mtoto chini ya meza, kwa sababu kuna mambo hayasemwi na chai iko kikombeni. Siku hizi Sheila anafanya kazi ya kompyuta Homa Bay, na anasema hata tovuti zina host, na anayeongoza kipindi kwenye televisheni ni host, na kaunti ikiandaa mashindano inaitwa hivyo hivyo. Nimechoka nalo.

Ardhi ile hatukupewa bure. Hili nalisema wazi maana ndilo lililokuja kusahaulika. Omanga alitoa ng'ombe. Mbuzi alichinjwa, wazee wakala, mkonge ukapandwa mpakani watu wakiona. Hati ya shamba ilikuwa kwa jina la marehemu babake Elkanah, na mirathi ya huko haikuwa imekwisha, kwa hivyo tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Wazee waliokula mbuzi walikufa mmoja mmoja, na mwisho Elkanah mwenyewe akafa. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na sitamsema vingine.

Sasa Omanga alikuwa na tabia iliyoniudhi. Kila msimu, mkungu wa kwanza wa ndizi na debe la kwanza la njugu vilikwenda kwa Elkanah, na Elkanah alipokufa vikawa vinakwenda kwa mwanawe, Nicanor. Kwetu Kisii jirani akikufaa unampelekea chakula, ni asante tu, haina mkia. Lakini mimi nilikuwa nashinda sokoni na vitunguu vyangu vya kutoka Isebania, na sokoni mtu husikia. Wanawake wa Kijaluo niliouza nao waliniambia kwamba kwao tangu zamani anayempelekea mwenye ardhi mavuno ya kwanza ni jadak, mtu aliyekaribishwa akae, anakaa kwa hisani ya mwenyewe, na mwenyewe akichoka naye anafunga mizigo. Jadak halazwi kwenye ardhi ile akifa. Kaburi ndilo linaloonyesha shamba ni la nani, na hakuna anayempa mgeni ushahidi huo.

Nilimpelekea Omanga maneno haya moto moto. Alisema nimeota masikio ya sokoni. Alisema heshima haijawahi kumfukuza mtu kwake. Na si ndizi tu. Akishika maikrofoni, iwe harusi, iwe matanga, iwe siku ya wazazi shuleni, alianza kwa kumshukuru host wake, mbele ya watu, kwa Kiingereza kizuri, na watu walipiga makofi. Mume wangu alijua neno hilo lilikotoka mpaka kwa watu ambao hata majina yao hayajulikani. Linakokwenda hakukujua, na nilipomwambia hakunisikiliza. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, ijapokuwa nampenda, na sioni aibu kuisema.

Nilikuwa na jambo moja tu la kunipa moyo. Ile mimba niliyohamia nayo ilikuwa ya Cephas, mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa Suna na malaria ikamchukua kabla hajajifunza kukaa. Mama yangu alikuwa mbali, kwa hivyo aliyemwosha ni Phelesia. Alimwosha kwenye karai langu, akamfunga kwa leso yake mwenyewe, ya njano, mpya, akasema mtoto hasafiri na nguo kuukuu. Tukamzika nyuma ya nyumba. Omanga alitaka kuweka simiti kidogo na msalaba, na Elkanah akamwambia kwa upole kwamba wao watoto wachanga hawawajengei. Omanga akakubali. Mgeni mwema hukubali. Pakabaki udongo mtupu, lakini mimi nilipajua, na Suna nzima iliniita Mama Cephas tangu siku hizo, hata baada ya Sheila kuzaliwa. Nikajiambia kwamba kaburi tunalo tayari, dogo lakini ni kaburi.

Omanga aliugua baada ya kustaafu, figo, na kwa wiki kadhaa tukawa watu wa hospitali, Homa Bay, ambako Sheila alikuwa karibu kutusaidia. Hapo ndipo aliponiomba kitu kimoja. Hakuwa mtu wa kuomba, kwa hivyo nilisogeza kiti.

"Unilaze karibu na Cephas," alisema. "Usinirudishe Nyamache. Kule hakuna hata mtu mmoja anayeijua sauti yangu."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu, nikiwa nimemshika mkono, na alikufa akiamini.

Sasa nikueleze jinsi Suna ilivyotupenda. Kabla hata sijarudi kutoka mochari, Nicanor alikuwa ameshasimamisha hema uwanjani kwetu. Viti vililetwa, sukari ikaletwa, unga, kuni, majani. Wanawake wa kanisa la Phelesia walikuja kuimba, wakapika, wakanifulia nguo. Kamati ya mazishi iliundwa, mwenyekiti Nicanor, na watu walichanga kwa roho safi. Jeneza lilikuwa la mbao nzuri, lenye vishikio vinavyong'aa. Nililia kwa shukrani, naapa. Nilimwambia Sheila, unaona, babako alikuwa na akili kuliko mimi, aliwajua watu hawa.

Kisha Nicanor akasimama kutoa taarifa ya kamati. Nicanor ni mtu mpole. Alikuwa akifanya kazi Nairobi, akarudi barabara ya lami ilipopita karibu na mashamba yao na watu wa mbali wakaanza kuulizia viwanja. Hapandishi sauti hata siku moja. Akasema basi limekodishwa, na lori la kubeba vyombo vyangu, na kwamba asubuhi na mapema Mwalimu atasindikizwa kwao Nyamache kwa heshima zote.

Nikasimama nikasema kuna makosa, Mwalimu anazikwa hapa.

Mtoto wa mtu akanyamazishwa bila sababu. Nicanor alinijia, akachuchumaa mbele ya kiti changu kama mtoto mbele ya mamake.

"Mama, mgeni akifariki kwa mwenyeji, mwenyeji humfikisha kwao," alisema. "Hiyo ndiyo heshima yetu ya mwisho kwake."

"Kwake ni hapa," nikamwambia.

Alinipapasa bega, akaenda kumwita naibu wa chifu.

Kikao kilifanyika pale pale chini ya hema, vyungu vikichemka. Naibu wa chifu alikuwa kijana msomi, alitaka haki ionekane. Aliniuliza kuhusu ardhi. Nikataja ng'ombe, nikataja mbuzi, nikataja mkonge. Akauliza nani alikuwepo. Wote niliowataja walikuwa wafu. Akamgeukia Phelesia, mjane wa Elkanah, ambaye alikuwa amekaa na wanawake wa kwaya, na Phelesia akasema mambo ya ardhi yalikuwa ya wanaume, yeye alikuwa jikoni. Hilo sikumlaumu. Jikoni tulikuwa wote wawili.

Nicanor naye akazungumza. Hakutukana mtu. Alisema marehemu alikuwa mzee wake, alimpenda. Akauliza tu, mwenye shamba hupeleka mavuno ya kwanza kwa nani? Watu waliinamisha vichwa. Akauliza nani hapa hajamsikia Mwalimu kwa kinywa chake, kwenye maikrofoni, akimtaja host wake. Naibu wa chifu akatikisa kichwa kukubali, maana hata yeye alikuwa amemsikia. Sheila akaruka juu, akasema babake alikuwa akitoa heshima, hilo neno lina maana chungu nzima, na akaanza kuzitaja, jeshi, kafara, kupe. Alikuwa analia na hakuna aliyemfuata. Nicanor alimngoja amalize, kisha akamwambia kwa Kiingereza pole dada. Mimi nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye na upole wake.

Ndipo nikalitoa la Cephas. Nikasema, kama jadak hazikwi, mbona mtoto wangu amelala nyuma ya nyumba hii, na Elkanah ndiye aliyeomba dua?

Hilo lilikuwa na uzito. Niliona wazee wakitazamana. Naibu wa chifu akasema kama kweli kuna mtoto wa nyumba hii aliyezikwa hapa na hakuna aliyepinga, basi ni vigumu kumkatalia baba kulala kando ya mwanawe. Akauliza kaburi liko wapi. Nikawapeleka. Wakaona udongo na majani, bila simiti, bila msalaba.

"Mama Sheila, hapa hapana kitu," akasema Nicanor.

Tangu azaliwe aliniita Mama Cephas. Nililisikia hilo, lakini sikuelewa alichokuwa anafanya. Nilikuwa na uhakika mno. Akapendekeza, kwa sauti ile ile, kwamba pachimbwe kidogo. Ikionekana mifupa, atanyamaza, na yeye mwenyewe atashika jembe kumchimbia Mwalimu kaburi. Isipoonekana, lile basi la kwenda Nyamache limeshajazwa mafuta. Akaniuliza kama naridhika. Sheila alinivuta mkono, akaninong'oneza kwamba kufukua kaburi kunataka amri ya mahakama, tusikubali. Najua sheria. Nilijua hata siku ile. Lakini nilikuwa nimemwahidi Omanga, na mtoto wangu alikuwa pale chini, nani angemwondoa? Nikasema mbele ya watu wote: chimbeni.

Wanaume wawili walichimba. Walichimba polepole, kwa adabu, wamevua kofia. Wanawake waliimba kidogo, wakaacha. Walipofika kiuno niliwaambia sogeeni kushoto, wakasogea. Udongo wa pale ni mweusi na unyevu, mzuri kwa ndizi. Walichimba mpaka mmoja akawa anaonekana kichwa tu, na hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na uzi wa leso. Nikaingia shimoni mwenyewe. Nilichambua udongo ule kwa vidole, bonge kwa bonge, mjane na nguo zake za matanga, na watu wakinitazama kutoka juu. Nilimwita jina. Sheila aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nalia kwa Kikisii na kwamba wazee waligeuka wasinione.

Naibu wa chifu, kwa kutaka haki, alimwita Phelesia ukingoni.

"Mama, wewe ni wa hapa siku zote," alisema. "Kuna mtoto alizikwa mahali hapa?"

Phelesia alinitazama. Nilikuwa chini, yeye alikuwa juu, na nilimwona kama alivyokuwa siku ile ameinama juu ya karai. Sikumwambia neno. Sikuona haja. Mtu aliyemwosha mtoto wako haambiwi.

"Ni zamani sana," akasema Phelesia. "Sikumbuki vizuri."

Nimetukanwa sokoni, nimepigwa na askari wa mpakani Isebania, nimemzika mtoto na sasa nilikuwa na mume ndani ya jeneza. Hakuna kilichoniuma kama hicho. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi nilikuwa nikiwacheka, nikisema wahenga hawakuwa na jirani kama Phelesia.

Kilichobaki kilikwenda haraka. Sheila alitaja wakili. Naibu wa chifu akasema mlango wa mahakama uko wazi, ila mwili utakaa mochari mpaka kesi iishe, na kesi za ardhi watu huachia wajukuu. Shemeji yangu Mogire, aliyekuwa amefika kutoka Nyamache na hakuwahi kutujulia hali miaka yote hiyo, akasema kaka yake hawezi kukaa kwenye friji kwa ajili ya migomba. Na mimi nilikuwa nimekubali masharti kwa kinywa changu, mbele ya watu. Wakaanza kupakia vyombo vyangu kwenye lori, kwa uangalifu, vikombe vimefungwa kwa magazeti.

Shimo nililifukia mwenyewe. Mtu mmoja alitaka kunipokea jembe nikamkatalia. Phelesia alikuja akasimama karibu, peke yake. Halafu akaniambia kwamba udongo wa pale hauachi mifupa ya mtoto mchanga. Watoto wake wawili, waliokufa kabla Nicanor hajazaliwa, aliwatafuta walipohamisha boma, hakupata hata jino, maana meno hawakuwa nayo.

Nikauliza kama alijua hivyo wakati napiga kelele wachimbe.

"Nilijua," alisema.

"Na leso yako ya njano, umeisahau?"

Alijifuta uso kwa kiganja. "Hapa na mimi nililetwa, niliolewa nikaja," alisema. "Nyumba ninayolala ni ya Nicanor. Nikimkana mbele ya watu, jioni nitaingia mlango upi?"

Nilitaka kumtukana. Matusi nilikuwa nayo, ya lugha tatu. Lakini nilimwona jinsi alivyozeeka, viatu vya mwanawe miguuni, vikubwa, na nikajua anasema kweli, na kweli yake ilinichukiza kuliko uongo wake. Nikamwambia sitamsamehe. Akasema anajua. Tukaendelea kusimama pale kwa sababu hakuna aliyekuwa na pa kwenda mpaka lori lijae.

Sheila aliniuliza baadaye, tukiwa tumeshamlaza babake Nyamache kando ya ua, kwa watu ambao hawakuijua sauti yake, ni nini hasa kilichoniumiza zaidi asubuhi ile ya kuondoka. Nilimwambia ni Phelesia. Nilimdanganya mtoto. Suna nzima ilikuwa imejipanga barabarani na kwaya ilikuwa inaimba, na jeneza lilikuwa limeshafungwa vizuri nyuma. Ngazi ya basi ilikuwa juu. Nilijaribu mara ya kwanza nikashindwa. Nicanor akaja, akaomba watu wanipishe, akaninyooshea mkono wake safi. Nilitafuta mkono mwingine na haukuwepo, Sheila alikuwa ameshapanda. Basi nikaushika, akanipandisha, na nikausikia mdomo wangu ukimwambia asante.